Aisilandi kaskazini mwezi Desemba: maporomoko, wazee 13 wa Krismasi na maji moto kwa siku moja, inawezekana?

MamaZai_Leicester

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Tarehe 19 hadi 23 Desemba tutakuwa Akureyri, kaskazini mwa Aisilandi, kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Gatwick. Tuko watatu: mimi, mama yangu (miaka 66, ana presha na anatumia dawa, tambarare anatembea vizuri ila ngazi zinamchosha) na mwanangu wa miaka 7. Siku moja nataka tuitumie kwa mambo matatu: maporomoko ya Goðafoss, mila zao za Krismasi (mtoto kafundishwa shuleni habari za wazee 13 na paka anayekula watu, sasa haongei kingine), na kuoga maji moto.

Maswali yangu:
1. Tuanze na nini, tumalize na nini? Ratiba za mabasi ya watalii zinatofautiana sana, nyingine zinafika hadi ziwa Mývatn.
2. Nikodi gari au nilipie basi? Uingereza naendesha, ila theluji sijaizoea.
3. Sisi Waislamu. Kule kwenye maji moto wanaingiaje, na mavazi yakoje?
4. Mama pasipoti yake ni ya Tanzania, anakuja kwangu Novemba kwa viza ya matembezi ya Uingereza. Inatosha?

Natanguliza shukrani.

---

Kusi_na_Kaskazi

Marahaba. Naanza na la nne maana ndilo linaloweza kuivunja safari nzima: haitoshi. Aisilandi imo Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja), na viza ya Uingereza haifungui mlango huo. Mama aombe Schengen akiwa bado Tanzania, kabla hajapanda ndege ya kuja kwako, kwa sababu kanuni yao ni kuomba katika nchi unayoishi kisheria, na mgeni wa matembezi haihesabiki kwamba anaishi Uingereza. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Mwezi wa 9 awe ameshaingiza karatasi, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Sasa ratiba. Watu wengi hupanga kwa kuangalia kilomita, wakati Desemba kule kitu cha kuhesabu ni mwanga. (Saa zote ninazotaja ni za Kiswahili, kwenye tiketi na vibao utakuta za Kizungu, na majira yao ni sawa na ya Leicester wakati huo.) Tarehe 21 Desemba jua la Akureyri huchomoza kama saa 5:40 asubuhi na kuzama kama saa 8:45 mchana. Kuchomoza kwenyewe ni jina tu. Hata saa 7:10 mchana, linapofika juu kabisa, halizidi nyuzi moja hivi juu ya upeo, na Akureyri imekaa ndani ya ghuba yenye milima pande zote, kwa hiyo mjini huenda msilione kabisa. Kinachowasaidia ni utusitusi mrefu: mwanga wa kuona njia huanza kama saa 4:15 asubuhi na kuisha karibu saa 10 jioni.

Kwa hiyo maporomoko asubuhi, maji moto usiku. Ratiba inayopeleka watu kuoga kwanza "wapate joto" na Goðafoss baadaye iogopeni. Mtafika saa 10 jioni gizani, msikie ngurumo ya maji bila kuyaona, halafu kichwa cha mtoto kikiwa bado na maji kwenye upepo.

Kwa watu wa aina yenu ningefanya hivi:

Saa 3:45 asubuhi mnaondoka Akureyri. Kwa njia ya handaki la Vaðlaheiði ni kama nusu saa na ushee hadi Goðafoss, kwa hiyo saa 4:30 mko pale, mwanga wa buluu umeshaanza. Kaeni saa moja na nusu, pamoja na kujipasha joto kidogo katikati. Saa 7 mmerudi Akureyri kwa chakula. Saa 8 nendeni Jólagarðurinn, nyumba nyekundu ya Krismasi iliyo kama kilomita 10 kusini mwa mji, barabara namba 821. Saa 11 jioni muwe Skógarböð, bwawa la maji moto lililo msituni ng'ambo ya ghuba, dakika chache kwa gari kutoka mjini. Nafasi za huko huuzwa kwa saa maalumu, kateni mapema mtandaoni, wiki ya Krismasi hujaa.

Mývatn iacheni. Ni pazuri, ila mkienda huko mtarudi gizani kilomita 85 hivi kwa barabara inayopanda Fljótsheiði, mahali ambapo upepo huisukuma theluji ikavuka barabara hata kama haidondoki. Mtoto wa miaka 7 ataimaliza siku akiwa amelala kitini.

---

Kusi_na_Kaskazi

Nimesahau Goðafoss yenyewe. Yana kimo cha mita 12 tu, ila yametanuka kama mita 30 kwa umbo la kiatu cha farasi, na mto Skjálfandafljót hubeba maji ya barafu ya milimani. Yanatazamika kutoka pande zote mbili za mto na kila upande una maegesho. Kwa mama chagueni upande wa magharibi, njia ni fupi na tambarare hadi mahali pa kutazamia. Upande wa mashariki mtu hushuka karibu na maji kwa kukanyaga miamba. Majira hayo msishuke.

Msiogope theluji, ogopeni rasharasha. Mvuke wa maporomoko hutua juu ya mawe ukaganda, ukawa kama kioo kilichopakwa mafuta, tena kwa rangi huwezi kuutofautisha na jiwe lililolowa. Nunueni yale meno madogo ya chuma yenye mpira wa kuvalisha chini ya buti, jozi moja kila mtu, mtoto apate ya saizi yake. Ya waya wa kujizungusha hayafai, kwenye barafu ngumu huteleza. Tafuteni yenye meno hasa. Mkiingia dukani au kwenye gari yavueni, juu ya sakafu ya vigae yanateleza kuliko viatu vitupu.

Kuhusu jina: mwaka 1000 hivi baraza lao lilimwachia Þorgeir, msemaji wa sheria, aamue kati ya dini ya kale na Ukristo. Akaamua Ukristo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa wa dini ya kale. Waongozaji watawaambia kwamba aliporudi nyumbani alizitupa sanamu za miungu yake ndani ya maporomoko haya. Uamuzi wenyewe umo katika maandishi yao ya karne ya 12. Kutupa sanamu hakumo, ni masimulizi yaliyokuja nyuma sana. Mtoto mwambie tu, ni hadithi nzuri.

---

spana_namba_17

Nijibu la gari. Dada, chukua basi.

Ukikataa ushauri huo, basi haya. Kwanza uliza matairi yana misumari. Kule yanaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi katikati ya Aprili, na kaskazini gari la kukodi la Desemba lisipokuwa nayo usilipokee. Usidanganywe na "ni fo-bai-fo". Magurudumu manne kuvuta husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama; kwenye barafu gari la fo-bai-fo lenye matairi yasiyo na misumari linateleza kwenye kona sawa na gari dogo.

Pili upepo. Wao huupima kwa mita kwa sekunde. Ukiona 15 kwenye utabiri, fikiri mara mbili. Ikifika 20 usitoke na gari dogo. Na milango! Egesha pua ya gari ikitazama upepo, fungua mlango mmoja mmoja, mkono mmoja umeshika mlango kabla hujauachia kitasa. Ukiegesha mgongo wa gari ukitazama upepo, mlango unageuzwa hadi bawaba zinapinda, na bima nyingi za kukodi hazilipi uharibifu wa mlango uliopeperushwa. Wenye kukodisha watakuambia hilo baada ya kutokea.

Tatu, handaki. Vaðlaheiðargöng lina urefu wa kilomita 7.4 na hulipiwa mtandaoni, hakuna kibanda. Kamera inasoma namba. Lipa siku hiyohiyo, la sivyo ankara huenda kwa mwenye gari naye anaongeza ada yake. Njia ya zamani ya Víkurskarð ni bure, inaongeza kilomita kama 16 na inapanda mlimani, ndiyo ya kwanza kufungwa hali ikichafuka. Pesa ya handaki hiyo usiionee huruma.

Asubuhi kabla ya kuwasha gari fungua kurasa mbili: umferdin.is kwa hali ya barabara na vedur.is kwa tahadhari za hewa. Tahadhari zao ni njano, chungwa na nyekundu. Njano na mama mgonjwa wa presha ndani ya gari: bakini mjini, kuna bwawa. Taa ziwake muda wote, mwendo usizidi 90 kwenye lami (barafu ikiwepo hata 60 ni nyingi), na usisimame ukingoni mwa barabara kupiga picha. Ukingo wenyewe mara nyingi ni theluji iliyofunika mtaro. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti chake. Dharura ni 112.

---

MamaZai_Leicester

Ahsanteni sana. Basi litakuwa basi, nimekubali 😅 Viza tunaanza wiki hii.

Bado maji moto. Nimesoma kwamba lazima uoge uchi mbele za watu kabla ya kuingia. Kweli? Mama akisikia hivyo hatatoka hotelini. Na presha yake je?

---

Jotoardhi_Naivasha

Ni kweli, ila si mbele za watu wote. Vyumba vya kubadilishia nguo ni vya wanawake peke yao na wanaume peke yao. Bila vazi la kuogelea unajisugua kwa sabuni kichwa, makwapa, sehemu za siri na miguu, kisha unavaa na kuingia. Sababu ni ya kiafya: maji hayatiwi klorini nyingi kama ya mabwawa ya Uingereza, na mengine hayatiwi kabisa, yanategemea kububujika na kupishana. Jasho, mafuta ya ngozi na sabuni ya kufulia iliyobaki kwenye vazi ndivyo vinavyoyaharibu. Ukiruka hatua hiyo mhudumu atakurudisha, tena kwa sauti.

Sehemu nyingi siku hizi zina vyumba vichache vya bomba vyenye mlango au pazia. Waandikieni barua pepe kabla ya kukata tiketi mkauliza kama vipo upande wa wanawake, majibu yao hutegemewa. Burkini inakubalika mradi ni ya kitambaa cha kuogelea. Ya pamba haifai, hunyonya maji ikawa nzito, na ukitoka inakugandia baridi mwilini. Mama aende na kanga mbili, moja ya kujifunga wakati wa kuoga, nyingine kavu ya kujifunika akitoka. Mwanao ana miaka 7, na walio chini ya 10 hawaruhusiwi majini bila mtu wa kuanzia miaka 15 pamoja nao. Uliza pia anaingia chumba gani cha kubadilishia, msije mkabishana mlangoni.

Presha. Maji ya Skógarböð na ya Jarðböðin (bwawa la maji moto la Mývatn) yako kwenye nyuzi 38 hadi 40 hivi. Joto hilo hutanua mishipa, presha ikashuka, na dawa nayo inashusha, kwa hiyo hatari yake kubwa ni kizunguzungu anapoinuka. Akae dakika 10 hadi 15, kisha atoke ukingoni, anywe maji, apumzike. Kiwango cha maji kisipite kifua. Ainuke polepole akishika ukuta. Lile pipa la maji baridi ambalo wenyeji huingia baada ya sauna asiliguse kabisa: mishipa iliyotanuka ikibanwa ghafla, presha inaruka. Na kabla ya yote amuulize daktari wake, hasa kama dawa zake ni za kupunguza maji mwilini.

Nywele. Hili watalii wa kwetu huambiwa wakiwa wameshachelewa. Maji ya ardhini yana madini, silika hasa, inayoganda kwenye nywele ikazikausha na kuzifanya ngumu. Kabla ya kuingia zilowesheni maji ya bomba, pakeni kondishena nyingi, zifungeni juu na msizizamishe. Rasta na nywele za kusuka hunyonya maji na hazikauki upesi, nje huganda zikawa kama vijiti. Kofia ya sufu iwe karibu. Vito vya fedha viacheni hotelini, maana kwenye maji yenye salfa kama ya Jarðböðin hugeuka vyeusi.

Kama kuna mtu anajiuliza maji ya Skógarböð yametoka wapi: mwaka 2014 wachimbaji wa handaki lile lile la Vaðlaheiði walipasua mshipa wa maji moto ndani ya mlima, kazi ikakwama. Mwaka uliofuata wakapasua wa maji baridi upande wa pili. Yale ya moto yalimwagika bure baharini kwa miaka kadhaa, ndipo bwawa likajengwa na kufunguliwa 2022. Na kule Mývatn chanzo cha joto ni ndugu wa kile cha Bogoria na Olkaria: ardhi inayoachana na magma iliyo karibu na uso. Ndiyo maana wahandisi wengi wa jotoardhi wa Kenya wamepitia mafunzo Reykjavík tangu programu ya Umoja wa Mataifa ianze huko 1979.

---

Bahari_Tatu

Sikubaliani kuhusu Mývatn. Mtoto anataka wale wazee 13, na makao yao ni Dimmuborgir, kule kule Mývatn. Desemba hukaa pale mchana wakiongea na watoto, wamevaa sufu chakavu badala ya nguo nyekundu za dukani. Na Jumamosi moja mwanzoni mwa Desemba huenda kuoga Jarðböðin kwa pamoja, kuoga kwao kwa mwaka mzima. Basi la siku nzima hupita Goðafoss asubuhi, Dimmuborgir mchana, matope yanayochemka ya Hverir, kisha Jarðböðin giza likiingia. Dereva ni mzoefu na matairi yana misumari. Ubaya uko wapi?

---

Kusi_na_Kaskazi

Ukiweka basi, nakubali nusu. Kuoga kwa pamoja kutakuwa kumeshapita wakifika tarehe 19. Dimmuborgir njia ni za kupanda na kushuka kati ya miamba ya lava, mama atabaki kituoni. Hverir ndipo panaponitia wasiwasi kwa mtoto: ukiona pameota duara la udongo mtupu katikati ya theluji, usidhani ni pa kukanyaga, hapo ardhi ni ya moto na gamba lake jembamba. Mshike mkono, msivuke kamba.

Kama MamaZai atachagua safari hiyo, aangalie kwanza ratiba ya wale wazee siku yake, na aangalie tahadhari ya hewa usiku wa kuamkia. Basi likiahirishwa, mpango mfupi nilioandika juu unawezekana hata kwa teksi.

---

Chungu_cha_Pili

Mila hazihitaji hata kutoka mjini. Mtoto aweke kiatu dirishani kila usiku kabla ya kulala. Jólasveinar, ndio wale wazee 13, huja mmoja mmoja kuanzia alfajiri ya tarehe 12 hadi 24. Mkifika 19, zamu zenu ni hizi: alfajiri ya 20 Bjúgnakrækir, mwizi wa soseji, 21 Gluggagægir, mchungulia madirisha, 22 Gáttaþefur, mwenye pua kubwa anayenusa mlangoni, 23 Ketkrókur, mwenye ndoano ya kuibia nyama. Zawadi ni ndogo, chenza au penseli. Aliyesumbua hupata kiazi. Kwa hiyo dada, begini uwe na machenza manne na kiazi kimoja cha tahadhari.

Mama yao ni Grýla, zimwi linalopika watoto watundu. Watu walilitumia kutisha watoto kiasi kwamba mwaka 1746 ilitoka amri ya kifalme kukataza. Paka naye humla asiyepata nguo mpya kabla ya Krismasi, na maelezo ya kawaida ni kwamba ilikuwa njia ya kuwahimiza watu wamalize kazi ya sufu. Soksi mpya zinatosha kumkinga mtoto, na kwa baridi ile atazihitaji.

Chakula kwa Waislamu. Jina la kuwaponza ni *hamborgarhryggur*. Mtu anasoma "hamborgar" anadhani ng'ombe. Ni nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, na ndiyo nyama ya mezani kwao Krismasi. *Hangikjöt* ni kondoo, hukaushwa kwa moshi wa kuni za mti wa betula au wa mavi makavu ya kondoo (msikunje uso, harufu ni nzuri). Uchinjaji ni suala jingine, hilo amueni wenyewe. Salama zaidi ni samaki: wa ziwani wa jamii ya samoni aitwaye *silungur*, aliyekaushwa kwa moshi, juu ya *hverabrauð*, mkate mweusi mtamu unaozikwa kwenye udongo wa moto karibu na Mývatn ukaiva kama siku nzima.

*Laufabrauð* mtoto ataipenda: donge linasukumwa jembamba kuliko chapati, karibu kama papadi, linachorwa maua kwa kisu au kigurudumu cha shaba, kisha linazama kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache. Muulize muuzaji mafuta ni ya nini, maana zamani yalikuwa ya mnyama na wengine bado wanayatumia.

Siku ya kuondoka, tarehe 23, mtanusa kitu kama choo kilichomwagiwa amonia. Ni *skata*, samaki aina ya taa aliyechachushwa, mlo wa siku hiyo. Makoti ya sufu yakining'inizwa kwenye mgahawa unaompika, harufu mtafika nayo Leicester. Uliza mlangoni kabla ya kuingia.

---

MamaZai_Leicester

Nimecheka hapo kwenye kiazi. Mama kasomewa habari ya kanga mbili, kakubali. Nimewaandikia Skógarböð kuhusu vyumba vya bomba. Makoti sasa: yeye anatoka Tanga, nimnunulie huku au?

---

spana_namba_17

Apitie mitumba kabla ya kusafiri. Makoti ya kuteleza kwenye theluji huko ni bei ya kutupa kwa sababu hakuna anayeyahitaji. Aangalie zipu inafunga hadi kidevuni na kofia haipitishi maji. Ndani avae sufu, si pamba. Pamba ikilowa jasho inabaki na baridi. Sweta za sufu halisi pia zipo mitumbani, atazijua kwa lebo au kwa kuwashawasha shingoni. Buti pekee mnunulie Leicester, saizi moja juu, ili soksi mbili ziingie bila kubana. Vidole vikibanwa damu haifiki, na hapo hata soksi tatu hazisaidii.